Nionyeshe Mama Yake

Kijana alifika kwangu Makanyagio, hapa Mpanda, saa moja asubuhi amekumbatia boksi la mafuta ya kula lililotobolewa matundu kwa bisibisi. "Shikamoo babu," alisema akiwa bado nje ya geti, na kabla sijaitikia akaongeza, "mbwa wangu hawaamki." Nikamwambia aweke boksi barazani. Ndani mlikuwa na watoto wawili wa mbwa wa Kijerumani, wale mnaowaita Jemani Shepadi, weusi mgongoni na hudhurungi miguuni, masikio bado yamelala. Mmoja alikwisha kukakamaa. Wa pili alikuwa anapumua kwa shida, macho yameingia ndani, na magazeti yaliyotandikwa chini yake yamelowa kuhara kwa damu. Nimefanya kazi ya mifugo zaidi ya miaka thelathini. Harufu ile haihitaji maabara. Ilikuwa pavo.

Nikamtundikia dripu, nikamfunika kwa kanga kuukuu ya bibi yenu, lakini adhuhuri haikumkuta. Nilipokuwa naosha baraza kwa jiki nikamwomba kijana anionyeshe kadi ya chanjo. Ilikuwa kadi nzuri, ya rangi, ina muhuri. Tarehe ya sindano ilikuwa ya mwezi mmoja nyuma. Nikafungua mdomo wa yule aliyekufa kwanza: meno ya mbele ndiyo kwanza yanatoboa ufizi. Mtoto wa mbwa mwenye meno kama yale ana wiki nne, zikizidi sana tano. Siku ambayo kadi inasema alichanjwa, alikuwa hajafumbua macho.

"Mama yao ulimwona?" nikamuuliza.

"Hapana babu. Nilitumiwa picha ya baba yao."

Akanionyesha kwenye simu. Dume mkubwa, kifua mbele, mnyororo unang'aa, amesimama kando ya gari. Kwa picha ile alikuwa ametuma laki nne kwa kila mtoto, kwa mtu ambaye hajawahi kumtia machoni. Boksi likapakiwa kwenye buti la basi, likasafiri usiku na mchana, likaingia Mpanda kwa lami ya Tabora pamoja na magunia na masanduku ya abiria. Tuliwazika nyuma ya nyumba, shimo refu kuliko kawaida, kwa sababu kirusi cha pavo kinaweza kukaa udongoni mwaka mzima na zaidi kikimngoja mbwa mwingine apite.

Ningeyaacha yaishe hapo. Hasara ni yake, na adabu alikwisha kuipata. Lakini wiki tatu baadaye alirudi, safari hii na daftari. Alikuwa amepiga hesabu. Anataka kununua majike wanne na dume mmoja, azalishe mwenyewe na kuuza. "Babu, hii ni fursa. Mpanda hakuna anayeifanya." Nimesikia wengine wawili, mmoja wa Kawajense na mwingine wa Nsemulwa, wana wazo hilohilo. Ndiyo maana nimeshika kalamu, wajukuu zangu. Naomba mnisikilize kabla hamjanunua hata banda.

Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kuwakatisha vijana tamaa. Baba yangu alikuja Mpanda na reli ile iliyojengwa kutoka Kaliua kufuata madini ya risasi, iliyofika mwaka 1950. Mimi nilizaliwa hapa, nikasomea mifugo Mpwapwa, nikarudi kuwachanjia babu zenu ng'ombe, mpaka nilipostaafu mwaka 2012, mwaka uleule Katavi ilipotengwa na Rukwa ikawa mkoa. Nimeona vijana wa mji huu wakiinuka kwa mpunga, kwa asali ya Inyonga, kwa dhahabu, kwa kuku. Kufuga ili kuuza si dhambi. Nimekula mshahara wa mifugo maisha yangu yote na nimesomesha watoto kwa huo. Ninachowaonya ni namna moja ya kufuga, ile ambayo haiwezi kutoa faida inayotangazwa mpaka mfugaji ajifunze kutosikia.

Nilisoma lile daftari. Liliandikwa kwa mwandiko safi. Jike huingia kwenye joto takriban kila baada ya miezi sita, kweli. Hubeba mimba siku kama sitini na tatu; kweli. Huzaa sita, saba, nane; mara nyingi ndivyo ilivyo. Basi majike wanne, mara mbili kwa mwaka, watoto saba saba, zidisha kwa laki nne. Jumla ya mwisho ilikuwa na sifuri nyingi, na ilipigiwa mstari mara mbili.

Nikamwambia, mwanangu, umehesabu kila kitu isipokuwa jike mwenyewe. Anayebeba mimba mfululizo bila joto hata moja la kupumzika hutoa mifupa yake na kuwanyonyesha wanawe. Ukimpa pumba na dagaa waliooza, hutoa zaidi. Akizaa saba, watatu hawanenepi. Akizaa tena baada ya miezi sita, maziwa yanakuja machache. Chuchu zinapasuka, zinaota usaha, naye hana budi kulala juu yake maana wana wanalia. Mfuko wa uzazi ukioza ndani kwa ndani hutajua mpaka aanze kunywa maji ndoo nzima na kukataa chakula, na wakati huo anahitaji kupasuliwa. Uliza hapa Mpanda ni wangapi wanaoweza kumpasua mbwa. Daftari lako halina ukurasa wa hayo, na halina pia ukurasa wa jike anapofika miaka sita, saba, hazai vizuri tena. Anakwenda wapi?

Ninajua anakokwenda, kwa kuwa nilimkuta mmoja njiani.

Ilikuwa miaka michache iliyopita, katika mji ambao siutaji. Nilikwenda kumsalimia ndugu, na jirani yake aliposikia mimi ni bwana mifugo akaniomba nimtazamie mbwa "anayesumbua". Mbele ya nyumba kulikuwa na dume kama yule wa kwenye simu, ana banda la vigae na bakuli la bati. Nyuma, ng'ambo ya stoo, palikuwa na vizimba vilivyoungwa kwa nondo na nyavu za kuku, viwili juu ya viwili. Jike niliyepelekwa kumtazama alikuwa katika kizimba cha chini. Kizimba kile kilikuwa na urefu wa kitanda cha mtoto. Hakubweka. Mbwa wa Kijerumani asiyebweka mgeni anapoinama mlangoni kwake ni mbwa mwenye jambo zito. Meno yake ya mbele yalikuwa yamelika hadi usawa wa ufizi. Alikuwa anatafuna waya. Kucha zilikuwa zimekua zikajikunja, maana hakuwa na ardhi ya kuzisaga. Chuchu zake ziligusa sakafu alipojaribu kusimama. Mkojo wa wale wa juu ulikuwa unamdondokea, na manyoya ya mgongo yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu.

Mwenyewe hakuwa mtu katili. Nataka mlielewe hili vizuri. Alinikaribisha chai, watoto wake wana adabu, waliniamkia mmoja mmoja. Alianza na jike mmoja tu aliyekuwa analala sebuleni na kuitwa jina. Soko likamwita, akaongeza wa pili, wa sita, wa kumi na moja, na kila alipoongeza mmoja muda wa kuwatazama wengine ukapungua, mpaka akafika mahali anawamwagia chakula bila kuinamisha uso. Aliniambia mwenyewe kwamba harufu na kelele "unazoea". Neno hilo ndilo lililonitisha kuliko kizimba.

Mbwa huyu alifanywa alivyo na mtu, na alifanywa kwa kazi maalumu. Ofisa wa jeshi la wapanda farasi la Ujerumani, Max von Stephanitz, ndiye aliyeanzisha chama cha mbegu hii mwaka 1899, akichagua mbwa wenye nguvu na akili ya kuchunga kondoo, wa kwenda mbio kutwa nzima wakizunguka kundi. Leo jike wa mbegu hiyo amewekwa mahali asipoweza hata kugeuka bila kugonga pua.

Msidhani nimebuni jambo geni. Marekani walipitia huku kabla yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakulima wa majimbo ya katikati, Missouri na jirani zake, walioharibikiwa na mazao waligundua kwamba watoto wa mbwa wanauzika mjini. Wakageuza mabanda ya kuku kuwa mabanda ya mbwa. Hesabu yao ilikuwa ileile ya daftari la kijana wangu. Walipofika miaka ya sitini mambo yalikwisha kuharibika kiasi kwamba gazeti la Life, mwezi Februari 1966, lilichapisha picha za mbwa waliokondeana katika ua wa mfanyabiashara, na wananchi wakaandika barua kwa wingi. Agosti ya mwaka huo Rais Johnson akatia saini sheria ya ustawi wa wanyama. Lakini sheria ile ilianza kwa kuwatazama wanyama wa maabara na wafanyabiashara waliowapeleka huko. Viwanda vya mbwa, ndivyo wenyewe wanavyoviita, viliendelea kukua. Mwaka 2010 wananchi wa Missouri walipiga kura juu ya pendekezo la kumzuia mfugaji yeyote asizidishe mbwa hamsini wa kuzalisha. Likapita kwa tofauti ndogo. Mwaka uliofuata wabunge wao wakalifumua na kiwango cha hamsini wakakifuta. Biashara ilikwisha kuota mizizi na kuwa na watetezi.

Ninawaambia hayo kwa sababu sisi bado tuko mwanzo. Samaki mkunje angali mbichi. Mpanda leo ina wafugaji wa namna hii wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na hakuna hata mmoja ambaye utajiri wake unategemea jambo hili. Sheria ndogo ikiletwa leo haimnyang'anyi mtu ugali. Ikiletwa baada ya miaka kumi itakuta watu wamekopa benki.

Waingereza nao walichelewa, ila walijifunza kitu kimoja ambacho mimi ningependa tukichukue kama kilivyo. Mwaka 2013 aliokolewa jike mdogo katika ua wa mzalishaji huko Wales. Walimpa jina la Lucy. Nyonga zake zilikuwa zimegandamana kwa kukaa kizimbani, na uti wa mgongo umepinda. Alikufa mwaka 2016, lakini daktari wa mifugo aitwaye Marc Abraham na wenzake walilibeba jina lake mpaka bungeni, na tangu Aprili 2020 Uingereza haimruhusu mchuuzi wa kati kuuza mtoto wa mbwa wala paka mwenye umri chini ya miezi sita. Ukitaka mtoto wa mbwa unakwenda kwa aliyemzalisha, unamkuta amelala na mama yake, mahali alipozaliwa. Kanuni zao za mwaka 2018 zilikwisha kusema pia kwamba mzalishaji mwenye leseni asimpandishe jike aliye chini ya mwaka mmoja, asimzalishe zaidi ya mara moja katika miezi kumi na miwili, na mtoto asiuzwe kabla ya wiki nane.

Wangeweza kupima vizimba kwa rula, wakaandika kurasa na kurasa, na mambo ya vipimo wanayo pia. Lakini kiini ni kwamba mama aonekane. Jike akionekana, kila kitu kingine kinaonekana: anakula nini, analala wapi, kucha zake, meno yake, anavyomtazama mwenye nyumba. Hakuna kadi ya chanjo inayoweza kusema yote hayo. Ndiyo sababu wauzaji wabaya duniani kote hutuma picha ya baba.

Hapa kwetu hatuanzi na ukurasa mtupu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Ninaijua kwa kuwa niliitumia kazini, hasa kwa punda na kwa ng'ombe wa kwenye malori. Sheria hiyo inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia. Maneno hayo yamo kwenye sheria ya nchi, hayakuletwa na wageni wenye huruma ya filamu. Mwenye mnyama anawajibika kwa chakula chake, maji yake, malazi yake na matibabu yake, na kumtesa ni kosa. Ila tangu itungwe sijawahi kumwona mtu akigonga geti la mfugaji wa mbwa kuuliza, huyu jike amezaa mara ngapi? Ofisa mifugo mmoja wa kata ana ng'ombe maelfu, ana machinjio, ana magonjwa ya milipuko. Mbwa ni wa mwisho.

Hapo ndipo halmashauri yetu ya manispaa inapoweza kusogea. Sheria ya mwaka 1982 ya mamlaka za miji inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Jambo linaweza kuanzia mkutano wa mtaa, likapanda kwenye kata, diwani akalipeleka barazani, na likapita kwa waziri. Sitaki mambo makubwa. Anayefuga mbwa ili kuuza watoto ajiandikishe. Idadi ya majike wake ijulikane. Ofisa mifugo awe na haki ya kuingia nyuma ya stoo, asiishie kwenye banda la vigae. Asiuze mtoto wa chini ya wiki nane. Mtoto anayetoka nje ya wilaya atoke na karatasi ya ofisa mifugo, na kondakta asipokee boksi bila karatasi hiyo. Na mnunuzi aonyeshwe mama. Faini ziende kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, siyo kwenye mfuko mwingine.

Nimesema kichaa cha mbwa, na sitalipita neno hilo haraka. Lina deni langu ndani yake.

Nilipokuwa kijana kazini, kilizuka kichaa katika kijiji kimoja, mtoto akaumwa, akafa. Aliyewahi kuona mtu akiogopa maji ya kunywa hawezi kusimulia akamaliza. Amri ikaja tuue mbwa. Tulitega nyama yenye sumu jioni, asubuhi tukawakusanya kwa mkokoteni. Nakumbuka mmoja wa mchunga ng'ombe wa Kisukuma, mbwa mwekundu wa kawaida, aliyekuwa amejikokota mpaka kwenye zizi na kufia langoni. Yule mtoto wa kuchunga hakulia mbele yetu. Aliniuliza tu, "Sasa usiku nani ataniambia fisi amekuja?" Sikuwa na jibu. Na kazi yote ile haikusaidia: ndani ya mwaka mbwa wengine walikwisha kuingia kutoka vijiji jirani, hawajachanjwa, na kichaa kikarudi nao. Baadaye sayansi ikathibitisha tulichokiona kwa macho. Ukichanja mbwa saba katika kila kumi, na ukarudia, ugonjwa unakosa pa kupita. Kuua hakuuzuii. Karibu binadamu wote wanaokufa kwa kichaa, asilimia 99 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, wameupata kwa mbwa, na wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto wasiofika miaka 15.

Sasa fikirini kiwanda cha mbwa kitafanya nini katika hesabu ile ya saba kwa kumi. Kitamwaga mjini mbwa wasiochanjwa kila mwezi, wenye kadi za uongo, ambao wenye nyumba wanaamini wamekingwa. Wale wasionunuliwa, wenye mguu mbovu, wenye kitovu kilichotokeza, wataachwa Misunkumilo usiku. Siku watakapozidi, itatoka amri kama niliyopewa mimi, na kijana fulani wa idara atapewa sumu. Sipendi awe mjukuu wangu.

Tuna jambo lingine ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulijua. Sisi tunaishi mlangoni mwa hifadhi. Kutoka hapa hadi Sitalike ni mwendo mfupi wa gari, na ukivuka daraja pale unatazama viboko. Hifadhi ya Katavi, kilomita za mraba 4,471 baada ya kupanuliwa mwaka 1998, ina simba, na ina mbwa mwitu, ambao wamebaki wachache barani. Mwaka 1994, Serengeti, simba walianza kutetemeka na kuanguka, wengine wakikutwa wanapigwa na kifafa porini. Wataalamu waligundua ni distempa, homa ya mbwa wa nyumbani, iliyotoka kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Simba kama elfu moja walipotea, theluthi nzima ya waliokuwapo. Baada ya hapo ndipo watu wakaanza kuwachanja mbwa wa vijijini kwa nguvu. Mbwa mmoja tu anayekohoa na kutoka makamasi ya njano, aliyeletwa na basi kutoka kwenye ua wa vizimba vilivyopangwa juu kwa juu, akiuzwa kwa mwenye nyumba ya wageni Sitalike, anaweza kuwa mwanzo wa balaa kama ile kwetu.

Na ndorobo mnawajua. Miombo yetu imejaa. Nimeona mbwa wa Kijerumani aliyenunuliwa kwa fedha nyingi na mchimbaji wa dhahabu akafungwa kambini porini. Ndani ya miezi michache macho yaligeuka rangi ya maziwa yenye samawati, kama kioo kilichopumuliwa, naye akawa anagonga miti. Mwenye mbwa alidhani amerogwa. Ilikuwa nagana, ugonjwa wa ndorobo. Mbwa wa kienyeji naye huugua, sisemi haugui, lakini damu yake imepita humu humu kwa vizazi, mababu zake waliokuwa dhaifu walikufa zamani. Wakonongo na Wapimbwe waliwinda na mbwa hawa. Warina asali wanalala nao porini mpaka leo. Mnawaita koko, mnawatupia mawe, kisha mnatuma laki nne kwa mtu msiyemjua. Kama unataka mlinzi wa duka, nenda Kakese au Kasokola jike wa mtu alipozaa, kaa nusu saa, mtazame anavyowalamba wanawe na anavyokutazama wewe. Chukua mmoja akifika wiki nane, mchanje, mlishe. Atakulinda.

Wapo watakaoniuliza, kama ninavyoulizwa msikitini, mzee wewe Mwislamu, mbwa wanakuhusu nini? Najua hukumu ya mate ya mbwa, na chombo alichokilamba nakiosha kama nilivyofundishwa. Nilifundishwa pia habari ya mtu aliyemkuta mbwa akila udongo mbichi kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akapanda nacho kwa meno, akamnywesha, na Mola akamsamehe. Walimu wangu hawakuniambia nichague moja kati ya hayo mawili.

Kwako wewe mwenye daftari, maana najua utasoma: sikukatazi. Ukiwa na nia, anza na jike mmoja, siyo wanne. Mngoje apite mwaka, na kwa mbegu kubwa kama ile mngoje afike miaka miwili. Apumzike joto moja baada ya kila uzazi. Mjengee banda juu ya ardhi, lenye kivuli na mahali pa kukimbia, pale mbele ya nyumba, watu wanapopita. Muite kwa jina. Kabla hajapandishwa nitakuja nimtazame bure, na watoto wakizaliwa nitakuja tena. Mnunuzi wa kwanza akipiga simu kutoka Sumbawanga akitaka picha, mwambie apande gari aje. Asipokuja, usimuuzie. Hesabu yako itatoka na sifuri chache. Ukiona hazitoshi, basi lima mpunga Mwamkulu, nami nitakuazima jembe la ng'ombe.

Yule jike wa kizimba cha chini niliondoka naye. Mwenyewe alisema nimchukue, amekwisha kumaliza kazi. Nilimleta Mpanda kwa treni, amelala miguuni pangu behewani kutoka Tabora mpaka asubuhi. Bibi yenu alimkata kucha kwa koleo ya waya, mguu mmoja kila siku, kwa kuwa hakuvumilia zaidi. Sasa anatembea uani vizuri, anaota jua chini ya mwembe, na amenenepa. Kuna jambo moja hajaliacha. Bodaboda ikisimama nje ya uzio, anainuka upesi, anakwenda kwenye kona anakolala, ananusa matambara yake upande huu na upande ule, anayafukua kwa pua mpaka chini. Halafu anayalalia yote, anayafunika kwa mwili wake, anabaki kutazama geti mpaka pikipiki iondoke.